Majukwaa manne, kanzidata moja: shajara ya mradi wa kuunganisha mifumo ya ramani

Februari, mwanzo

Tumeanza rasmi. Serikali ina majukwaa manne ya ramani, na kila moja lilinunuliwa na watu wake, kwa bajeti yao, kwa shida ya wakati huo. Wapima ardhi wana programu ya mezani. Mipango miji wana tovuti inayoonwa na wananchi. Kituo cha simu za dharura kina ramani iliyofungwa ndani ya mfumo wa kupokea simu na kutuma magari. Kitengo cha maafa nacho kina chake, na mtu anayekijua kwa undani ni mmoja tu.

Kilichotusukuma kuanza sasa ni kalenda. Programu ya mezani ni ArcMap, ambayo watengenezaji wake, Esri, walitangaza mapema kwamba msaada wake unakoma Machi 2026. Skripti zinazohuisha data kila usiku zimeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, toleo la 2.7, nalo liliachwa rasmi tangu Januari 1, 2020. Kwa hiyo hata tusingeunganisha chochote, wapima wangelazimika kuhama. Wakuu wakasema: kama ni kuhama, tuhame wote.

Wauzaji wameshaanza kupiga simu. Kila mmoja anatuonyesha dashibodi inayong'aa, na bado sijasikia hata mmoja akiuliza barabara ni za nani. Nimeliandika swali hilo ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi: tabaka hili (yaani seti moja ya data ya ramani, kama barabara au majengo) ni la nani? Programu tutapata tu.

Februari, wiki ya mwisho

Tumemaliza kuorodhesha matabaka. Barabara zipo mara nne. Mipaka ya kiutawala mara nne. Majengo mara tatu, mabomba ya maji ya zimamoto mara mbili, na anwani ni hadithi ndefu, nitaifikia.

Nakala zote nne za barabara zilitoka chimbuko moja, kisha kila ofisi ikaendelea kurekebisha ya kwake. Wapima wana mstari uliokaa sawasawa kuliko wote. Mipango miji wana majina mapya. Kituo cha dharura kina mambo ambayo wengine hawana kabisa: njia ya upande mmoja, geti linalofungwa usiku, daraja lisilobeba gari la zimamoto likiwa limejaa maji. Ukiuliza ipi ndiyo sahihi, kila mtu anaonyesha ya kwake, na kila mtu ana hoja.

Jedwali letu lilikuwa na safuwima nne: tabaka, mwenye, mhariri, kipindi cha kuhuisha. Kikao kilipoanza kukwama niliongeza ya tano: nani anaumia likikosewa. Hiyo ndiyo iliyokata ubishi. Jina la barabara likikosewa kwenye tovuti, mwananchi atalalamika. Likikosewa kituo cha dharura, gari la wagonjwa linakwenda mtaa mwingine. Tukakubaliana kwamba umbo la mstari ni la wapima, jina ni la mipango miji, sifa za upitikaji ni za kituo cha dharura. Tabaka moja, wenye watatu, na kila mmoja anagusa safuwima zake tu. PostgreSQL, programu ya kanzidata, inaruhusu kugawa haki ya kuhariri kwa namna hiyohiyo, safuwima kwa safuwima, kwa hiyo makubaliano ya kikao yanaweza kuandikwa kwenye kanzidata yenyewe badala ya kubaki kwenye muhtasari ambao hakuna atakayeusoma.

Uamuzi wa hifadhi kuu: PostgreSQL na PostGIS, nyongeza yake ya data za ramani. Hatukubishana sana. Programu karibu zote za ramani, za kulipia na za bure, zinaweza kuisoma, na wapima watakaohamia QGIS, programu ya ramani ya bure, hawatahitaji daraja lolote katikati.

Machi

Mwezi huu wote ni koordineti, namba zinazosema mahali palipo.

Tatizo la kwanza ni datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho koordineti hupimwa juu yake. Michoro ya zamani ilipimwa kwa datumu ya zamani, na tovuti inatumia WGS 84, ile ya GPS. Tofauti ya aina hiyo ardhini inaweza kufika mamia ya mita. Kila faili la zamani lisilosema datumu yake tumeliweka pembeni, haliingii mpaka lithibitishwe dhidi ya nguzo za upimaji zinazojulikana. Hatukubali kubahatisha. Kosa la mita mia mbili halina sura ya kosa: nyumba inaangukia mtaa wa pili, na ramani inapendeza vilevile.

La pili ni mpangilio wa namba. GeoJSON, muundo wa data za ramani za tovuti, kwa mujibu wa waraka wa viwango vya intaneti RFC 7946 wa 2016, huanza na longitudo. CAP, itifaki ya shirika la viwango la OASIS ya kutangaza tahadhari, huanza na latitudo. Huduma ya ramani ya WMS toleo la 1.1.1 huanza na longitudo, lakini toleo la 1.3.0, ukiliomba kwa EPSG:4326 (namba ya orodha ya WGS 84 kwa digrii), huanza na latitudo. Kitengo cha maafa kinatoa tahadhari kwa CAP, tovuti inazichora kwa GeoJSON. Akisahau mtu mmoja kugeuza, poligoni ya mafuriko, yaani umbo la eneo lake, inahamia bara jingine. Hilo angalau linaonekana. Linalotisha ni pale latitudo na longitudo za mahali zinapokaribiana kwa thamani, kwa sababu ukizigeuza nukta inabaki kwenye nchi kavu na hakuna anayeshtuka. Tumeandika jaribio linalopima hilo kila tahadhari inapopita, kabla haijachorwa.

La tatu ni mdomo wa mtu. Tulikaa na wapokea simu tukawasomea kwa redio, kama mwokoaji aliye porini anavyosoma kutoka kwenye kifaa chake: "Kumi na mbili, thelathini nukta tano." Mmoja akaandika 12.305. Mwingine akaandika digrii 12, dakika 30, sekunde 50. Msomaji alimaanisha digrii 12 na dakika 30.5, yaani 12.5083. Wa kwanza alipotea kwa zaidi ya kilomita 22. Wa pili kwa mita mia sita na ushei. Wote wawili ni wazoefu, na kila mmoja aliandika kile ambacho kisanduku chake kilimruhusu kuandika, kwa kuwa jukwaa moja lilikuwa na kisanduku kimoja wazi na lingine lilikuwa na vitatu.

Kiolesura kipya hakina kisanduku wazi. Kwanza unachagua muundo, kisha mfumo unaonyesha nukta kwa miundo yote mitatu pamoja na jina la mahali palipo karibu, na mpokea simu anamrudia mwokoaji jina hilo. "Uko karibu na kivuko?" Jibu likiwa hapana, hakuna gari linaloondoka. Ndani ya kanzidata tunahifadhi digrii za desimali peke yake. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja ardhini, kwa hiyo zinazofuata hapo hazina kazi kwa uokoaji.

Machi, mwisho

Jambo dogo, lakini liandikwe. Tovuti huchora ramani kwa Web Mercator (EPSG:3857), namna ya kuilaza dunia kwenye ramani bapa, na mtu alikuwa amepima duara la eneo la kuhamisha watu humohumo. Makadirio hayo huvuta urefu kadiri unavyoondoka ikweta. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kila urefu unaonekana mara mbili, hivyo duara la kilomita 1 ulilochora ni nusu kilomita tu ardhini. Kuanzia sasa umbali wowote unaohusu usalama unapimwa kwenye kanzidata kwa aina ya data ya jiografia, ambayo huhesabu juu ya umbo la dunia lenyewe. Kioo cha skrini ni cha kutazamia tu.

Aprili

Uhamishaji umeanza, na faili za shapefile, muundo wa zamani wa kuhifadhi data za ramani, zimetukumbusha umri wao. Vipimo vyake vilichapishwa 1998, na jina la safuwima halizidi herufi kumi kwa sababu ndani yake kuna jedwali la dBASE, kanzidata ya zamani. Mfano halisi: tabaka moja lilikuwa na "jina_la_barabara" na "jina_la_bandari". Lilipopitishwa kwenye shapefile, la kwanza likawa "jina_la_ba" na la pili likawa "jina_la__1". Miaka ikapita, aliyefanya kazi hiyo akahamia ofisi nyingine, na mrithi wake akakisia. Ofisi moja imekuwa ikitumia safuwima ya bandari kama jina la barabara kwa zile chache zinazopita gatini, na kwingine kote inaona pengo.

Tumepiga marufuku shapefile kama njia ya kupeana data kati ya ofisi. Mbadala ni GeoPackage, kiwango cha OGC, shirika la viwango vya ramani, tangu 2014: faili moja la kanzidata ya SQLite, majina marefu, mfumo wa koordineti umo humohumo. Shapefile moja ni familia ya faili, na lile la .prj ambalo ndilo linalosema datumu ndilo linaloachwa nyuma kila mtu anapotuma kwa barua pepe. Wakandarasi wa nje bado watatuletea shapefile, hatuwezi kuwazuia, ila zinaingilia mlango mmoja wenye ukaguzi.

Zana yetu ya kazi ni ogr2ogr kutoka mkusanyiko wa GDAL, inayogeuza data za ramani kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Nilitarajia tungehitaji kitu kikubwa zaidi. Bado hatujakihitaji.

Mei

Mipaka ya maeneo ya wajibu. Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya mradi huu ya kuifanya vizuri, ningechagua hii.

Zamani simu ya dharura ilielekezwa kwa jedwali: namba hii ya simu, anwani hii, kituo hiki. Kwenye mifumo mipya inayofuata usanifu wa i3 wa NENA, chama cha namba za dharura cha Marekani, simu inakuja na mahali ilipo, na mfumo unauliza kwa itifaki ya LoST, iliyoandikwa kwenye RFC 5222, nukta hii imo ndani ya poligoni ya nani? Jibu la poligoni ndilo linaloamua simu ilie wapi. Maana yake mstari uliochorwa na kijana wa ramani alasiri moja umekuwa sehemu ya mtambo wa simu. Pengo kati ya poligoni mbili ni mahali ambapo mtu anapiga simu na hana mwenyewe. Poligoni zikipandana, ana wenyewe wawili, na kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda.

Tulipoziweka pamoja poligoni za zimamoto na za polisi tulikuta vyote viwili, vingi vikiwa vipande vyembamba kama uzi kandokando ya barabara na mito, pale ambapo ofisi mbili zilifuata mstari uleule kwa mikono tofauti. Kuvifuta kwa programu ni rahisi. Kuamua kila kipande ni cha nani si kazi ya programu, kwa hiyo tuliwaita wenyewe.

Kikao kilichobaki kichwani ni kile cha daraja. Mpaka wa vituo viwili vya zimamoto unapita katikati ya mto, kwa hiyo nusu ya daraja ni ya kituo hiki na nusu ni ya kile. Kwenye karatasi ni haki kabisa. Afande wa kituo cha mashariki akauliza, "Gari likiwaka katikati ya daraja, na mpigaji anatembea huku anaongea, simu yake inaruka kutoka kwangu kwenda kwake?" Mwenzake akasema, "Afande, na mimi kufika huko sharti nizunguke, njia yangu ya kupanda darajani imefungwa kwa malori." Daraja zima likapewa mashariki. Hakuna ramani ingetuambia habari ya malori.

Kiufundi tumeacha kuhariri poligoni. Tunahariri mistari ya mipaka, kila mstari mara moja tu, na poligoni zinazalishwa kutoka kwenye mistari hiyo. Majirani wawili wanatumia ukingo uleule, kwa hiyo uzi hauna pa kuzaliwa. Kila badiliko linapita ukaguzi wa mapengo na mapandano kabla ya kwenda kituo cha dharura, na likishindwa, toleo la jana linabaki kazini.

Juni

Nani aone nini. Kila mtu aliomba kuona kila kitu na kuficha cha kwake.

Kwa watumiaji wa ndani tunatumia ulinzi wa safu mlalo uliomo kwenye PostgreSQL tangu toleo la 9.5: askari wa doria na afisa mipango wanauliza tabaka lilelile, kila mmoja anapata safu zake. Nyumba za hifadhi za manusura wa ukatili tumeziondoa kabisa kwenye tabaka la majengo, ziko kwenye jedwali la pekee, na kila anayelifungua anaandikwa.

Kwa wananchi nilisimama kidete juu ya jambo moja. Tovuti haisomi kanzidata kuu kupitia kichujio. Inasoma nakala ambayo ndani yake mambo ya siri hayamo. Kichujio kinaweza kufunguka kwa bahati mbaya siku ya matengenezo. Kisichokuwepo hakivuji. Ilituongezea kazi ya kuzalisha nakala kila usiku, na watu wa tovuti walinung'unika kidogo, lakini wamezoea.

Julai

Zoezi la kukata mtandao.

Hoja inayopigwa dhidi ya kuunganisha ni ya haki: mkiweka vyote mahali pamoja, pakianguka hapo vyote vimeanguka. Mfano unaotajwa mara nyingi ni New York, Septemba 11, 2001. Kituo cha jiji cha kuratibu dharura kilikuwa ndani ya jengo la 7 World Trade Center, lililoporomoka jioni ya siku ileile. Kazi ya kuratibu na ya kutengeneza ramani ikajengwa upya kwenye gati ya Pier 92. Ramani za msingi za jiji zilikuwepo, ndiyo maana kazi iliwezekana. Mahali pa kukalia palikuwa pamekwenda.

Kwa hiyo kanzidata kuu ni moja, lakini nakala hai zipo sehemu mbili zilizo mbalimbali, na kituo cha dharura kina nakala yake ya kusoma tu ndani ya jengo. Tulikata nyaya za nje mchana, kwa makubaliano, na wapokea simu waliendelea kama kawaida wakitumia data ya usiku uliopita. Tulikubaliana tangu awali kwamba ramani ya jana iliyo mkononi inashinda ya leo isiyofunguka.

Magari yalitusumbua zaidi. Kompyuta za ndani ya magari zilikuwa zikivuta vigae vya picha, yaani vipande vya mraba vya ramani, kutoka kwenye seva, na mtandao ukififia skrini inakuwa mraba wa kijivu. Kupakia picha zote haiwezekani: kila kiwango cha kukuza huzidisha vigae mara nne, na kufikia kiwango cha 14 dunia nzima ni vigae 4 kwa kipeo cha 14, yaani zaidi ya milioni 268. Tumehamia vigae vya vekta, vinavyobeba mistari na nukta badala ya picha, vya eneo letu pekee, ndani ya faili moja la MBTiles linalokaa kwenye gari na kuhuishwa likirudi kituoni. Vekta hukuzwa bila kuhitaji picha mpya, na usiku dereva anageuza rangi ziwe za giza kwa kitufe kimoja. Madereva wamekipenda hicho cha giza kuliko kazi nyingine yoyote tuliyoifanya tangu Februari.

Agosti

Anwani, hatimaye. Mipango miji wana daftari la anwani linalofuata sheria ya majina ya mitaa. Kituo cha dharura kina daftari linalofuata midomo ya watu: "kwa fundi magari", "njia panda ya zamani", jina la duka lililofungwa ambalo kila mtu bado analitumia. Kila upande ulitaka lake liwe kuu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa tuliwajengea mazizi mawili. Anwani rasmi ndiyo yenye kitambulisho cha kudumu, na majina ya midomoni yanaingia kama majina ya badala yanayoelekeza kwenye kitambulisho hicho. Jina la badala halifutwi hata likizeeka, kwa sababu anayepiga simu akiwa na hofu hasemi jina la gazeti la serikali.

Tuko kwenye uendeshaji sambamba. Kila anwani inayotafutwa inapita mfumo wa zamani na mpya, mpokea simu anaona jibu la zamani, na sisi tunaandika zinapotofautiana. Tofauti nyingi ni mfumo mpya kuweka nukta mlangoni wakati wa zamani uliiweka katikati ya kiwanja. Zinazobaki tunazipitia moja moja na msimamizi wa zamu.

Msimamizi wa zamu ya usiku alinivuta pembeni. "Kaka, mkinibadilishia vitufe vya F vya kibodi, mtanipata hapa hapa." Nimemhakikishia, na nasema kweli. Wapo kwenye kamati wanaotaka kiolesura kimoja kwa wote ili mafunzo yawe mamoja. Nimepinga kwa maandishi. Afisa mipango anafungua ramani kwa saa nzima akitafakari. Mpokea simu anaiangalia kwa sekunde, mkono mmoja kwenye kibodi. Kuwavalisha shati moja ni kumkosea mmoja wao, na atakayekosewa ni yule wa usiku. Data iunganishwe. Skrini zibaki nne kama kazi zilivyo nne.

Septemba

Tumeanza kuzima. Kila jukwaa la zamani linawekwa kwanza katika hali ya kusoma tu, kisha tunalizima kwa saa chache mchana wa kazi na kusubiri nani atapiga kelele. Kumbukumbu za seva hazisemi yote. Tulipozima huduma ya WMS ya wapima, aliyepiga alikuwa mhandisi wa maji ambaye hayumo kwenye orodha yoyote, na amekuwa akiichora chini ya michoro yake ya mabomba miaka yote. Tumemhamisha. Kwa kuwa anuani ya huduma mpya ni toleo la 1.3.0, tulikaa naye tukahakikisha programu yake inageuza latitudo na longitudo inavyotakiwa.

ArcMap haifunguki tena kwenye mashine ya mtu yeyote isipokuwa moja, inayohifadhiwa kwa michoro ya kumbukumbu ambayo bado inasubiri uthibitisho wa datumu.

Kilicho mezani kwa sasa ni urefu. Simu nyingi za dharura zinatoka ndani ya majengo, na nukta ya latitudo na longitudo haisemi ghorofa. Marekani, FCC, mamlaka ya mawasiliano, iliweka 2019 kiwango cha mita 3 juu au chini kwa asilimia 80 ya simu za mkononi zinazopigwa ndani ya majengo. Mita hizo ni takribani ghorofa moja, lakini zinasaidia tu kama unajua ghorofa ya kwanza inaanzia kimo gani. Tabaka letu la majengo lina idadi ya ghorofa kwa baadhi ya majengo na halina kimo cha ardhi mlangoni kwa jengo lolote. Wapima wanasema hicho ni kipimo, kwa hiyo ni chao. Zimamoto wanasema wao ndio wenye mipango ya ukaguzi wa majengo, kwa hiyo wanafika humo kila mara na wanaweza kukipima wakiwa palepale. Safuwima ya mwenye iko wazi kwenye jedwali, na kikao ni Jumanne.